Mbono Ulipandwa kwa Ajili ya Ulaya, Moshi Ukabaki Kwetu

Nianze na mjomba wangu, kwa sababu deni langu kwake halijalipwa.

Mwaka 2007 nilikuwa mhadhiri msaidizi, kijana mwenye shahada ya pili na kiburi kinachotosha shahada tatu. Mjomba alikuwa na kihamba chake huku mlimani, chenye migomba na kahawa iliyochoka, na kule tambarare, upande wa Kahe, alikuwa na shamba la ekari 3 alilolilima mahindi na maharage. Nikamshauri ang'oe mahindi katika ekari 2 na kupanda mbono. Wakati ule kila mtu aliyejiita mtaalamu alikuwa akiuhubiri mbono: hautaki maji, hautaki mbolea, mbuzi hauli, unaota hata kwenye changarawe, na mbegu zake zinatoa mafuta yanayoendesha injini ya dizeli. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Mpwa wangu, huo si ndio mbono kaburi? Ule wanaoupanda makaburini?"

Nilicheka. Nikamwambia hizo ni habari za wazee, sasa ni zama za nishati mbadala. Akapanda. Mnunuzi, kampuni ambayo sitaitaja, alikuja mavuno ya kwanza na mizani yake. Mavuno ya pili alikuja na bei ya chini kuliko ile ya kwanza. Mavuno ya tatu hakuja. Mwaka wa nne mjomba aliing'oa mibono yote isipokuwa ile iliyokuwa mpakani, akarudi kwenye mahindi, na tangu hapo kila nikimwamkia, "Shikamoo mjomba," huniitikia, "Marahaba, bwana mafuta."

Naandika haya nikiwa Soweto, hapa Manispaa ya Moshi, ninakoishi. Saa kumi na mbili asubuhi, mlima ukiwa wazi, Kibo huonekana vizuri kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani tunaishi peponi. Kisha barabara inaamka. Zinapita Coaster zilizokwisha kutumika Japani miaka mingi kabla hazijatufikia, yanapita Fuso yaliyosheheni mchanga na tofali, zinapita lori za kwenda Arusha na za kwenda Himo, na nyuma ya kila moja linabaki wingu jeusi ambalo watoto wa shule ya msingi hulipita wakiwa wameziba pua kwa kola za mashati. Jina la mji wetu, ambalo wageni wamekuwa wakilifanyia utani tangu zamani, siku hizi halichekeshi.

Sitasema kwamba barafu ya Kibo inayeyuka kwa sababu ya Coaster za Moshi. Huo ni uongo mtamu unaopendwa na waandishi wa maombi ya ufadhili, nami niliwahi kuuandika. Moshi wa barabarani kwetu una madhara yake yaliyo karibu zaidi na mtu. Mwezi Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lile lile la tumbaku na asbesto. Hiyo haikuwa dhana ya wanaharakati. Ilikuwa hitimisho la miaka mingi ya kuwafuatilia wachimbaji wa migodini, wafanyakazi wa reli na madereva wa malori. Anayesimama kituoni kila asubuhi akisubiri daladala anapaswa kuambiwa jambo hili kwa lugha anayoielewa.

Sasa basi, je, mafuta ya mimea yanapunguza moshi huo? Yanapunguza. Naomba tukubaliane hapo kwanza, maana ugomvi wangu hauko kwenye kemia.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia. Inabana hewa mpaka hewa hiyo inakuwa ya moto sana, kisha nozo inapuliza mafuta kama ukungu, nayo yanawaka yenyewe. Mafuta ya mimea yana oksijeni ndani yake, takriban asilimia 11 ya uzito, hivyo huungua kwa ukamilifu zaidi; tena karibu hayana salfa. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikusanya matokeo ya vipimo vingi mwaka 2002 na kuona kwamba dizeli iliyochanganywa na asilimia 20 ya dizeli ya mimea, nyingi ikiwa ya soya, ilipunguza masizi kwa takriban asilimia 10, gesi ya kaboni monoksaidi kwa asilimia 11, na mafuta yasiyoungua kwa asilimia 21. Ikitumika dizeli ya mimea tupu, masizi yalipungua karibu nusu. Upande wa pili wa mizani, oksidi za naitrojeni ziliongezeka kidogo, asilimia 2 kwa mchanganyiko ule wa kwanza na 10 kwa ile tupu, na gari linakunywa zaidi kwa sababu nguvu iliyo katika lita moja ni pungufu. Anayekuuzia mafuta ya mimea bila kukutajia upande huu wa pili ni dalali.

Wala si jambo jipya. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo iliyobuniwa kwa kanuni za Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na watazamaji wengi hawakutambua tofauti. Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo hilo lilitoka serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikiwaza makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zinastawi. Ndugu msomaji, rudia sentensi hiyo. Tangu siku ya kwanza, mafuta ya mimea ndani ya injini ya dizeli yalikuwa ni wazo kuhusu ardhi ya Mwafrika.

Nasi tuna kumbukumbu yetu ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga hapa Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 ili kupata mafuta ya kula kwa ajili ya Waingereza waliokuwa wakigawiwa chakula kwa vipimo baada ya vita. Mafuta hayo hayakuwa ya injini, lakini mantiki ilikuwa ile ile: kwao kuna upungufu wa mafuta, kwetu kuna ardhi "tupu", kwa hiyo leteni matrekta. Udongo wa Kongwa ukiwa mkavu hugeuka kama saruji. Majembe yalivunjika, mvua haikuja, na mwaka 1951 mpango ulitupwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Nilisoma habari hizi sekondari kama sote tulivyosoma, nikazijibu vizuri kwenye mtihani, na miaka michache baadaye nikaenda kumshauri mjomba ang'oe mahindi yake.

Kwa nini mbono ulivuma ghafla kati ya mwaka 2005 na 2009? Mkulima wa Kahe hakuwa ameuliza. Dereva wa Coaster hakuwa ameuliza. Aliyeuliza alikuwa Ulaya. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lililozitaka nchi wanachama kulenga asilimia 5.75 ya mafuta ya usafiri itokane na mimea ifikapo mwaka 2010, na mwaka 2009 likaja agizo jingine la asilimia 10 ya nishati jadidifu katika usafiri ifikapo 2020. Ulaya haikuwa na ardhi ya kutosha kwa ndoto hiyo. Wakafungua ramani.

Kisarawe, kampuni ya Kiingereza ya Sun Biofuels ilipewa hekta 8,211 zilizotokana na ardhi ya vijiji 11. Kilwa, kampuni ya Kiholanzi ya BioShape iliidhinishiwa takriban hekta 34,000, ikaanza kufyeka miombo kabla ya kutoa mafuta ya maana, na mwaka 2010 ikafilisika. Sun Biofuels ilisimamisha kazi mwaka 2011 na shamba likauzwa. Wanavijiji wa Kisarawe waliohojiwa na magazeti hawakulalamikia kemia hata kidogo. Walizungumzia fidia, maji, na njia ya kwenda kwenye makaburi ya wazee wao. Mjomba wangu, kama angekuwepo, asingeshangaa kwamba habari ya mbono imeishia makaburini.

Kuna jambo la kisheria hapa ambalo wanafunzi wangu huwa hawaliamini mpaka niwasomee. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, na sheria za uwekezaji zinazoambatana nayo, ardhi ya kijiji haikodishwi moja kwa moja kwa mwekezaji wa kigeni. Inahamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, kisha mwekezaji anapewa haki yake kupitia mamlaka ya uwekezaji. Maana yake ni kwamba kampuni ikifilisika, ardhi hairudi kijijini yenyewe kama mbuzi anavyorudi zizini jioni. Imekwishatoka. Emmanuel Sulle na Fred Nelson walilieleza hili mwaka 2009 katika ripoti yao kuhusu nishati ya mimea na ardhi nchini, na waliokuwa na mamlaka ya kusoma walikuwa na muda wa kutosha kuisoma. Serikali ilisitisha maombi mapya ya mashamba ya nishati mwezi Oktoba 2009, na miongozo ikatolewa Novemba 2010. BioShape ilikuwa imekwisha kufa, na Sun Biofuels ilibakiwa na mwaka mmoja. Tuliandika kanuni za mchezo filimbi ya mwisho ikiwa mdomoni mwa refa.

Lakini sikuja hapa kuwalaumu Waholanzi na Waingereza tu. Sisi wasomi tulikuwa na wajibu wa kufanya hesabu moja rahisi, na hatukuifanya. Niliifanya nikiwa nimechelewa, mwaka wa tatu wa shamba la mjomba, baada ya kukaa siku nzima na mkaza mjomba tukichuma, kubangua na kuanika. Kwa mikono ya mtu aliyezoea, na mkaza mjomba alizoea kuliko mimi, tulipata kilo 2 za mbegu safi kwa saa, wakati mwingine zaidi kidogo. Kwa mashine ndogo ya kukamua unahitaji kilo 4 mpaka 5 za mbegu kupata lita moja ya mafuta. Tuseme 5. Hiyo ni saa mbili na nusu za kazi kwa lita moja, kabla hujakamua, kabla hujachuja, kabla hujasafirisha, kabla kampuni haijachukua faida yake. Dizeli ikiwa shilingi 2,800 kwa lita, gawanya fedha hiyo kwa saa hizo na uondoe gharama zote za kati, uone kinachobaki mkononi mwa mama yule. Kisha linganisha na kibarua cha siku cha kupalilia. Nilipoimaliza hesabu hiyo kwenye daftari, mkaza mjomba aliniuliza kwa nini nimenyamaza.

Hakuwa peke yake katika hasara hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa ICRAF, kituo cha kilimo mseto chenye makao Nairobi, walichambua gharama na mapato ya mbono kaskazini mwa Tanzania. Waliona kwamba anayepanda shamba zima la mbono, kwa mavuno ya kawaida, anaelekea kwenye hasara, na kwamba mahali pake pa busara ni kwenye ua wa shamba. Yaani pale pale alipokuwa siku zote, mpakani, akizuia ng'ombe. Wamasai wa Engaruka hawakuhitaji shahada kulijua hilo. Kule ua wa mbono ulikuwapo kabla ya wahisani.

Na Engaruka ndiko lilikofanyika jambo ambalo linaniudhi kuliko kufilisika kwa kampuni zote mbili, kwa sababu lilikuwa jambo jema na tukaliacha lizimike masikioni mwetu. Shirika la TaTEDO lilifunga pale mashine ya dizeli inayoweza kuendeshwa kwa mafuta ya mbono, ikasaga nafaka na kuzalisha umeme wa kijiji. Arusha, KAKUTE walikuwa wamekwisha kuwafundisha akina mama kutengeneza sabuni kwa mafuta hayo hayo, na sabuni ililipa vizuri kuliko mafuta. Hakuna kijiji kilichopoteza ardhi kwa ajili ya hayo. Mbegu zilitoka kwenye ua, zikakamuliwa karibu, zikatumika karibu. Injini za zamani za aina ya Lister, zinazozunguka taratibu, huvumilia mafuta mazito ya mimea yakipashwa moto kwanza, tofauti na injini za kisasa zenye nozo laini.

Wala sitaki kulikuza hilo nalo. Ua wa mbono uliotunzwa hutoa karibu kilo 0.8 za mbegu kwa mita moja kwa mwaka. Mashine ya kusaga inayotumia lita 10 kwa siku, siku 300, inahitaji lita 3,000, yaani kilo 15,000 za mbegu, yaani ua wa karibu kilomita 19. Kijiji kikubwa cha wafugaji kinaweza kuwa na ua wa namna hiyo. Kitongoji cha Uchagani, ambako mipaka ni masale na kila futi ya ardhi ina mgomba na mgogoro wa ndugu, hakiwezi. Kwa hiyo mbono ni jawabu la mahali fulani, kwa kazi fulani, kwa kiasi fulani. Sentensi kama hiyo haivutii mwekezaji wala haipati nafasi ya kuzungumza katika kongamano, na ndiyo sababu haikusemwa.

Baada ya aibu ya Kilwa na Kisarawe tulifanya kosa la pili. Tulilifunga somo lote. Mwanafunzi akija ofisini na wazo la mafuta ya mimea, wenzangu humwambia, "Hiyo ilishindikana, tafuta mada nyingine." Kilichoshindikana ni kuchukua hekta 34,000. Hakuna aliyejaribu kwa dhati kuuliza: moshi uliopo hapa Moshi, wa magari yaliyopo hapa Moshi, unaweza kupunguzwa kwa mafuta yaliyokwisha kuwapo hapa hapa?

Niseme mapema ni mafuta gani sizungumzii. Sizungumzii alizeti ya Singida na Dodoma wala mawese ya Kigoma. Nchi hii huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nje, na kila mama anayenunua mafuta kwa kipimo dukani anajua bei yake. Anayependekeza kumimina alizeti kwenye tangi la lori wakati jirani yake anakaangia mafuta ya kuagiza kutoka Asia anahitaji kupumzika.

Nazungumzia mafuta yaliyokwisha kukaanga. Tembea kuanzia Soweto hadi katikati ya mji jioni yoyote, hesabu makarai ya chipsi, mihogo, samaki na maandazi, ongeza mahoteli ya watalii wanaokwea mlima, ongeza majiko ya shule za bweni na vyuo. Mafuta hayo yanakwenda wapi yakiwa meusi? Niliwauliza wakaangaji kadhaa ninaonunua kwao, nao walinijibu bila kuficha. Mengine humwagwa mtaroni. Mengine huuzwa kwa mkaangaji mdogo zaidi, naye huyatumia mpaka yanatoa povu, na mlaji wake wa mwisho ni mwanafunzi asiye na hela. Yaani mafuta tunayoweza kuyachoma kwenye injini tunayachoma matumboni mwa vijana wetu, kisha tunakwenda kufyeka miombo ya Kilwa kutafuta mafuta ya injini.

Kuyageuza kuwa dizeli ni kazi inayofahamika. Unayachuja, unaondoa maji, unayachanganya na methanoli na magadi makali, na kilo 100 za mafuta pamoja na kama kilo 10 za methanoli zinakupa takriban kilo 100 za dizeli ya mimea na kilo 10 za gliserini, ambayo ikisafishwa inaingia kwenye sabuni. Tafadhali usijaribu nyumbani: methanoli hupofusha na kuua, na magadi hayo huunguza. Wala usiyamwage mafuta ya chipsi yenyewe kwenye tangi la Coaster kama kijana mmoja wa mtaani kwetu alivyofanya akijivunia ugunduzi. Ni mazito takriban mara kumi kuliko dizeli, huziba filta na kugandisha masizi kwenye nozo, na moshi alioukimbia ukamrudia mara mbili. Hii ni kazi ya kiwanda kidogo chenye mkemia, chenye vipimo vya TBS, kilichoko chini ya jicho la EWURA kama mafuta mengine yoyote.

Je, yatatosha kuendesha magari yote ya mkoa? Hata kidogo. Yanaweza kutosha magari ya taka ya manispaa, mabasi ya shule kadhaa na jenereta ya hospitali umeme ukikatika. Kuna watakaocheka udogo huo. Jirani zetu wa TPC kule Arusha Chini wanazalisha umeme kwa makapi ya miwa, na sababu ya kufanikiwa kwao haina siri: makapi yalikuwa tayari yamelala mlangoni mwa kiwanda. Hawakuhitaji kumhamisha mtu ili kuyapata. Nanyuki, Kenya, kampuni iitwayo Eco Fuels Kenya ilianza mwaka 2012 kununua kokwa za mti wa krotoni, mti uliokwisha kuota wenyewe vichakani na mipakani, kwa watu wanaoziokota. Kanuni ni ile ile. Anza na kilichopo chini, ndipo umuulize mtu habari za shamba lake.

Nijibu na wale wanaosema tusubiri magari ya umeme. Nayasubiri pia, kwa hamu. Ila Fuso lililoshushwa meli mwaka huu Tanga au Dar es Salaam likiwa na umri wa miaka 15 litaendelea kupanda Kibosho na Machame kwa miaka mingine 15, na mtoto atakayelivuta moshi wake ameshazaliwa.

Hapa ndipo naomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, na najua mpo kwa sababu huwa mnanipigia simu badala ya kuandika maoni, wanivumilie. Mafuta ya mimea, hata yakiwa safi namna gani, hayatamsaidia mtu ikiwa nozo imekufa. Nozo iliyochakaa hutoa matone badala ya ukungu, matone hayaungui yakaisha, na masizi yanatoka. Gari likipakiwa kupita kiasi na kupanda mlima ambako hewa ni nyepesi, hali inakuwa mbaya zaidi. Kampuni ya mafuta haihusiki hapo, wala Ulaya. Januari 2015 kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilianza kutaka dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni, kiwango ambacho nchi nyingi za Kiafrika zingekionea wivu. Tunaagiza mafuta ya afadhali na kuyachoma katika injini zisizopimwa. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tuna kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007. Tuna NEMC, tuna LATRA, tuna polisi wa usalama barabarani ambao kila mwaka hubandika stika baada ya kukagua taa, matairi na breki. Katika miaka yangu yote ya kusimama barabarani mkoani Kilimanjaro sijaona kwa macho yangu askari akiingiza kipimo kwenye ekzosi.

Kipimo cha moshi hakina ukubwa wa kutisha. Hubebwa kwenye boneti ya gari. Ninachodai kwa Manispaa ya Moshi kinaweza kuandikwa kwenye nusu karatasi. Kituo kikuu cha mabasi kiwe na kipimo kimoja, na gari linalozidi lipewe siku 30 kwenda kwa fundi wa pampu, bila faini ya papo hapo, maana tunajua faini za papo hapo huishia wapi. Leseni ya mgahawa na kibanda cha chipsi iambatane na utaratibu wa kurudisha mafuta yaliyotumika, na yanunuliwe, yasinyang'anywe. Magari ya manispaa yenyewe yawe ya kwanza kutumia mchanganyiko, matokeo ya vipimo yabandikwe ubaoni, mazuri na mabaya. Na ikitokea siku mtu akaja na mpango wa mbegu na hekta, baraza la madiwani limuulize kabla ya chai: mafuta haya yataingia kwenye tangi la nani? Akianza kueleza soko la dunia, apewe chai na asindikizwe.

Nyinyi wanafunzi, hasa mnaotafuta mada ya utafiti: pimeni. Nendeni na mizani kwa wakaangaji, mjue ni lita ngapi kwa wiki. Simameni kituoni mhesabu magari. Takwimu za mji huu juu ya moshi wake mwenyewe zinapaswa kutoka kwa watu wanaouvuta, na nitasimamia kazi ya yeyote atakayekuja na daftari lenye vumbi.

Krismasi iliyopita, kama ilivyo desturi yetu, nilipanda nyumbani, na kesho yake nikashuka na mjomba hadi Kahe kuangalia mahindi. Amezeeka, lakini bado hutembea mbele yangu. Ua wa mbono bado upo, mnene, umezuia mbuzi wa jirani kwa miaka zaidi ya kumi. Mbegu zilikuwa zimedondoka chini, nyeusi, nyingi. Nilimweleza habari za mafuta ya chipsi, za kipimo cha moshi, za manispaa. Akaokota mbegu moja, akaigeuza kidoleni.

"Safari hii umeshapiga hesabu?"

Nikamjibu kwamba nimepiga.

"Na shamba la nani linahitajika?"

"Hakuna, mjomba."

Aliitupa ile mbegu ng'ambo ya ua. "Haya," akasema, "niletee hiyo karatasi niisome mwenyewe."